Jinsi ya kuchagua ski za mwanaume kulingana na uwezo wako na theluji unayoteleza

Wanaume wengi wakiingia dukani hununua ski za mtu ambaye bado hawajawa. Wanavutiwa na iliyo ndefu, ngumu, inayofanana na za mabingwa, halafu wakifika mlimani wanakuta haipindi mpaka wailazimishe kwa nguvu zote. Ski iliyokuzidi haikufundishi chochote. Inakuchosha mapaja kabla ya saa sita mchana, inakusukuma ukae nyuma juu ya visigino, na mtelezaji akishakaa nyuma, ncha za mbele hazimtii tena. Aliyenunua ski laini kupita uwezo wake hukosa uthabiti kidogo kwenye kasi. Aliyenunua ngumu kupita uwezo wake hupoteza msimu mzima wa kujifunza.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kila moja itapunguza idadi ya ski zinazokufaa, na ukifika mwisho zitakuwa zimebaki mbili au tatu za kujaribu. Rangi na jina la kampuni viweke kando kwanza. Rossignol, Atomic, Head, Völkl, Salomon, K2, zote hutengeneza ski za anayeanza na za aliyebobea, na mara nyingi tofauti kati ya modeli mbili za kampuni moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni na kampuni.

Hatua ya 1: Viatu kabla ya ski

Fedha zisipotosha vyote viwili, nunua viatu, ski ukodi. Kila unachotaka ski ifanye hupitia kwenye kiatu kwanza. Kiatu kikiwa na nafasi, mguu unageuka ndani yake na ski inabaki pale pale.

Saizi ya viatu vya ski huandikwa kwa Mondopoint, yaani urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 27.5 huvaa 27.5. Dukani, toa bitana ya ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele, kisha tazama nyuma ya kisigino. Nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2 inawafaa wengi. Ikizidi hapo kiatu ni kikubwa, hata kama unakiona cha starehe ukiwa umesimama kwenye zulia. Ugumu wa kiatu nao huandikwa kwa namba kama 80, 100, 120 au 130, ila namba hizo hazina kipimo kimoja kwa kampuni zote, kwa hiyo ziamini nusu, nusu nyingine usukume kwa muundi mwenyewe. Kiatu kinatakiwa kipinde mbele kidogo unapokiegemea, kisiporomoke na kisikatae kabisa.

Hatua ya 2: Jipime ulivyo leo

Muuzaji atakuuliza kiwango chako, na kila mtu ana jibu tayari. Jibu la kuaminika zaidi liko kwenye theluji. Asubuhi, njia zikiwa zimeshindiliwa na mashine na bado hazijachafuliwa, shuka mteremko wa wastani, simama pembeni, geuka utazame alama ulizoacha. Ukiona mistari miwili myembamba, safi, inayofuatana mwanzo hadi mwisho wa kona, unakata kona kwa makali ya ski. Ukiona alama pana iliyofagia theluji kando, unaburuza kona. Kuburuza si kosa, na hata mabingwa huburuza wanapotaka kupunguza kasi. Lakini anayeburuza kila kona ni mtelezaji wa kati, na anayekata kona kwenye mteremko mkali amevuka hapo. Wengi wataona kona inaanza kwa kufagia na kumalizika kwa mstari: hao wako njiani, na ndio wenye ski nyingi za kuchagua.

Anayeanza hajafika kwenye mistari. Bado anakaribianisha ncha za mbele na kutanua mikia ili apunguze mwendo, au ndiyo kwanza ameanza kuweka ski sambamba kwenye miteremko myepesi.

Pamoja na kiwango, taja uzito wako bila kupunguza wala kuongeza. Ski haijui urefu wako wala umri wako. Inachohisi ni kilo zinazoikandamiza na kasi inayokuja nazo. Mwanaume wa kilo 95 anayeanza atahitaji ski yenye nguvu kidogo kuliko zile laini kabisa za kukodisha, na mwanaume wa kilo 60 aliyebobea anaweza kukuta ski inayosifiwa na kila mtu ni gogo kwake. Kisha jiulize unapenda nini ukiwa huko juu: kasi na kona ndefu, kona fupi za haraka, kupita kwenye vichuguu vya theluji, kuingia msituni, au kuruka. Wanaume wawili wenye uwezo sawa wanaweza kuhitaji ski mbili zisizofanana hata kidogo.

Hatua ya 3: Hesabu theluji unayoikuta, si ya kwenye picha

Picha za matangazo karibu zote ni za theluji ya unga inayofika kiunoni. Wachache huteleza humo siku nyingi. Ukifika Niseko, kule Hokkaido, Japani, ambako upepo wa baridi kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani na kumwaga theluji kavu karibu majira yote ya baridi, unga ni jambo la kawaida. Kaskazini-mashariki mwa Marekani, au kwenye vituo vya chini vya milima ya Alps, siku nyingi utakanyaga theluji iliyoshindiliwa, ngumu asubuhi, mara nyingine imeganda kama kioo, na mchana wa majira ya kuchipua imekuwa uji mzito.

Kama katika siku kumi za msimu unateleza nane kwenye njia zilizoshindiliwa, chagua ski ya siku hizo nane. Kwa zile mbili za unga, kodi ski pana. Ushauri huu hauwafurahishi wanaotaka ski moja ya kila kitu, lakini ndio unaookoa fedha na magoti.

Hatua ya 4: Upana wa kiuno

Kama ungeruhusiwa kujua namba moja tu kuhusu ski, iulizie hii. Kiuno ni sehemu nyembamba ya katikati, chini ya kiatu. Kwenye ski nyingi utakuta namba tatu zimeandikwa, kwa mfano 128-88-110: ya kwanza ni upana wa mbele kwa milimita, ya kati ni kiuno, ya mwisho ni mkia.

Kiuno kinafanya nini? Simama kwenye theluji ngumu, ulaze ski upande mmoja ishike kwa makali. Ukingo wa chuma unaoshika uko pembeni ya mguu wako, na kadiri ski inavyokuwa pana, ndivyo ukingo huo unavyokuwa mbali na katikati ya kiatu. Theluji inausukuma ukingo juu, na nguvu hiyo inapata wenzo mrefu wa kuirudisha ski ikae bapa tena. Anayepambana na wenzo huo ni kifundo chako cha mguu, kisha goti. Pia unahitaji muda zaidi kuitoa ski upande huu kuipeleka upande wa pili. Ndiyo maana ski nyembamba huruka kutoka kona hadi kona, ilhali ski pana kwenye barafu hukufanya uhisi unachelewa kila mara.

Kwenye theluji laini mambo yanageuka. Hapo hakuna kigumu cha kushika. Unahitaji eneo la kukubeba. Ski nyembamba huzama, pana huelea kama mtumbwi, na unaweza kugeuka bila kupigana na theluji iliyokufunika miguu.

Vipimo hivi vinaweza kukuongoza. Milimita 65 hadi 78 ni ski za njia zilizoshindiliwa na za kukata kona. Kati ya 78 na 88 bado ni ski za njia, ila zinavumilia uji wa mchana na theluji iliyovurugwa. Kati ya 88 na 100 ndiko ziliko ski za mlima mzima, na kwa mwanaume wa kiwango cha kati au zaidi anayeteleza kila mahali, 88 hadi 95 ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta. Kuanzia 100 hadi 110 ni za watu wanaotoka nje ya njia kila wanapopata nafasi. Zaidi ya 110 ni za unga mzito, na siku isiyo na unga utazichukia.

Kwa anayeanza sina mjadala: abaki kati ya 70 na 82. Anajifunza kuhisi makali, na ski pana inamficha makali hayo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na muuzaji mwenye shehena ya ski za milimita 100 atakwambia zinafaa kwa yeyote. Hazimfai anayeanza.

Hatua ya 5: Nusu kipenyo cha kona

Karibu na zile namba tatu utaona herufi R na namba nyingine, mfano R 15 m. Ukilaza ski hiyo na kuiacha ifuate mkato wa ubavu wake bila kuilazimisha, itachora sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 15. Namba ndogo maana yake kona fupi. Namba kubwa, kona ndefu na utulivu kwenye kasi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ski zilikuwa karibu zimenyooka, na mwanaume wa kawaida alibeba za sentimita 200 bila kushangaa. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ikaleta SCX, ski yenye kiuno kilichobana na ncha pana, na katika miaka michache kila kampuni ikafuata njia hiyo. Mkato huo wa ubavu ndio uliowawezesha watelezaji wa kawaida kukata kona, jambo ambalo awali lilihitaji mazoezi ya miaka.

Kwa mtelezaji wa kawaida, mita 12 hadi 14 ni ski ya kona fupi, inayochangamka, inayofurahisha kwenye njia nyembamba na miteremko isiyo mikali. Mita 15 hadi 18 inajua mengi na ndiyo ya kuchukua ukiwa na shaka. Mita 19 na zaidi inataka nafasi pana na mtu anayependa mwendo. Namba hubadilika kwa urefu: modeli hiyo hiyo ikiwa ndefu zaidi huwa na R kubwa zaidi, basi soma namba ya urefu utakaonunua.

Tahadhari moja kwa wanaovutiwa na ski za mashindano. Sheria za FIS, shirikisho la kimataifa la ski, zinataka ski ya wanaume ya slalomu kubwa (mbio za kuzunguka nguzo zilizopangwa mlimani) iwe na urefu usiopungua sentimita 193 na nusu kipenyo kisichopungua mita 30. Hiyo ni ski ya mtu anayeshuka kwa kasi kubwa kwenye njia iliyofungwa, yenye kocha na wavu pembeni. Kwenye njia ya watu wote haina kazi. Madukani kuna ski zenye sura ya mashindano lakini R ya mita 16 hadi 19, na hizo zinafaa sana kwa mwanaume mwenye ufundi anayependa njia ngumu za asubuhi.

Hatua ya 6: Upinde na roka

Chukua jozi, uzikutanishe nyayo kwa nyayo, yaani pande za chini zinazogusa theluji, uzitazame ubavuni ukiwa umezielekeza kwenye mwanga. Kama katikati kuna mwanya na zinagusana karibu na ncha na karibu na mkia, ski hiyo ina upinde. Ukisimama juu yake, uzito wako unaubana upinde, na ukingo wote unasukumwa kwenye theluji. Hapo ndipo unapopata mshiko kwenye barafu na ule msukumo unaokutoa kwenye kona.

Sasa tazama ncha. Zikianza kuachana mapema, labda sentimita 20 au 30 kabla ya mwisho, hiyo ni roka: ncha imenyanyuka kutoka kwenye theluji hata kabla hujaegemea. Roka ya mbele hupandisha ski juu ya theluji laini na kuifanya kona ianze kwa urahisi. Wazo hili lilipata umaarufu kupitia mtelezaji Shane McConkey, ambaye ski yake ya Spatula, ya kampuni ya Volant, ilitoka mwaka 2002 ikiwa imegeuzwa kabisa: katikati chini, ncha zote mbili juu. Leo kampuni huchanganya, na mchanganyiko wa kawaida ni roka ndogo mbele, upinde chini ya kiatu, mkia ulionyooka au wenye roka kidogo sana.

Kwa njia zilizoshindiliwa, taka upinde mrefu na roka fupi ya mbele. Anayeanza naye anafaidika na hiyo roka fupi, kwa sababu ncha haimnasi anapokosea. Kwa mlima mzima, roka iongezeke mbele. Kwa unga, iwe mbele na nyuma. Kumbuka kwamba sehemu iliyonyanyuka haishiki kwenye theluji ngumu, kwa hiyo ski ya sentimita 180 yenye roka kubwa huteleza kama fupi kuliko inavyoonekana ukutani.

Hatua ya 7: Ugumu na kilicho ndani

Ugumu hauna namba ya kuaminika kwenye lebo, inabidi uushike kwa mikono. Simamisha ski mkia ukiwa sakafuni, shika ncha kwa mkono mmoja, mkono wa pili uweke katikati na usukume. Tazama inavyopinda. Nzuri hupinda kwa mkunjo mmoja laini, bila kuvunjika ghafla mahali ambapo kiini kimebadilika. Kisha shika ncha na ujaribu kuikamua kama unavyokamua nguo. Ski inayokataa kukamuliwa hushika barafu vizuri. Inayokubali kwa urahisi husamehe makosa. Fanya hivyo kwa ski tatu au nne mfululizo, mikono itaanza kuelewa.

Kiini cha ski nyingi nzuri ni mbao, popla, bichi, paulownia au mchanganyiko wake, iliyozungushiwa faibaglasi. Popla na paulownia ni nyepesi; bichi ni nzito na yenye nguvu. Ski za bei nafuu huwa na kiini cha povu au mchanganyiko, na kwa siku chache za kujifunza haidhuru. Juu ya mbao unaweza kukuta shuka moja au mbili za Titanal. Wengi hudhani ni titani, lakini ni aloi ya alumini, na kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Shuka mbili kamili zinaifanya ski itulie kama reli kwenye kasi, na pia ziifanye nzito na isiyopenda uzembe. Kwa mwanaume wa kiwango cha kati ningechagua isiyo na Titanal, au yenye kipande tu cha katikati. Aliyebobea, mzito, anayependa mwendo, achukue shuka mbili, hatajuta.

Kaboni hupunguza uzito na kuifanya ski ichangamke, ila ski nyepesi sana hutetemeka kwenye theluji iliyochafuliwa na kuganda. Wepesi una maana kubwa kwa anayepanda mlima kwa miguu yake mwenyewe. Kwa anayepanda kwa lifti, uzito kidogo ni rafiki.

Tazama pia wayo. Wa plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa ni wa bei nafuu, hauhitaji matunzo mengi, mwendo wake ni wa wastani. Ule uliobanwa kutoka kwenye chembechembe kwa joto hunywa nta na kwenda kasi zaidi, lakini usipoutia nta mara kwa mara hukauka na kupoteza sifa yake.

Hatua ya 8: Urefu

Watu huanza na urefu. Mimi nimeuweka hapa kwa sababu bila kujua upana, roka na ugumu, urefu hauna jibu. Ski ikiwa imesimama mbele yako:

Anayeanza, kati ya kidevu na pua.
Wa kati, kati ya pua na nyusi au paji la uso.
Aliyebobea kwenye njia zilizoshindiliwa, usawa wa paji la uso, isipokuwa ski za slalomu, ambazo hata wanaume warefu hutumia za sentimita 165.
Aliyebobea wa mlima mzima au unga, usawa wa utosi, au sentimita 5 hadi 10 juu yake kama roka ni kubwa.

Kisha rekebisha. Mzito kwa urefu wake aongeze saizi moja, mwepesi apunguze. Anayependa kasi na miteremko iliyo wazi aongeze. Anayependa vichuguu, misitu na kona fupi apunguze. Ukibaki katikati ya saizi mbili na bado unajifunza, chukua fupi. Ukibaki katikati na tayari unakata kona, chukua ndefu.

Na maneno "ya wanaume" kwenye lebo yana maana gani? Kwa kawaida huwa na saizi ndefu zaidi, tabaka gumu zaidi, na alama ya kufungia kiatu iliyo nyuma kidogo kuliko kwenye ski za wanawake. Zipo modeli ambazo za wanaume na za wanawake ni ski ile ile yenye rangi mbili. Mwanaume mwepesi asiogope kuchukua ski ya wanawake au ya wote kama inampinda vizuri. Theluji haisomi lebo.

Hatua ya 9: Jilinganishe na hawa

Mwanaume wa sentimita 176 na kilo 75 anayeanza: urefu wa sentimita 155 hadi 162, kiuno 72 hadi 80, R ya mita 12 hadi 14, laini, roka fupi mbele, bila Titanal. Huyu naye asinunue mapema. Akodi mpaka aweze kushuka mteremko wa wastani kwa ski sambamba, kwa kuwa ski za mwanzo hupitwa haraka.

Mwili huo huo, kiwango cha kati, njia zilizoshindiliwa siku nyingi: sentimita 165 hadi 172, kiuno 76 hadi 85, R 14 hadi 16, ugumu wa wastani. Kama huenda mlima mzima, apandishe kiuno hadi 88 au 92 na urefu 170 hadi 177.

Aliyebobea apendaye barafu na kona safi: kiuno 66 hadi 74, Titanal, upinde mrefu. Kona fupi, sentimita 165 na R 12 au 13. Kona ndefu, sentimita 175 hadi 182 na R 17 au 18.

Aliyebobea wa mlima mzima: 95 hadi 102, sentimita 177 hadi 184, Titanal kulingana na uzito wake. Wa unga: 108 hadi 118, sentimita 182 hadi 190.

Wa vichuguu anahitaji ski nyembamba yenye ncha inayopinda, isiyo na mkia mgumu. Mkia mgumu humrusha mtu mbele akichelewa hata kidogo. Wa viwanja vya miruko anataka ncha zilizopinda pande zote mbili ili ashuke kinyumenyume, kiuno 84 hadi 98, na vifungio vya viatu vilivyofungwa karibu na katikati ya ski.

Hatua ya 10: Jaribu, na ukague zilizotumika

Vituo vingi vina ski za majaribio. Jaribu mbili siku moja, mteremko mmoja, kwa viatu vyako mwenyewe. Kwanza pitisha ukucha kwa wepesi kukatiza ukingo wa chuma: ukikwangua kidogo ukucha, makali yapo; usipokwangua, irudishe inolewe, kwa sababu ski butu itakudanganya. Shuka mara moja polepole ukiangalia kama kona inaanza yenyewe, mara ya pili kwa kasi yako ya kawaida, na mara ya mwisho mchana ukiwa umechoka na theluji imevurugika. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosema kweli. Ski nzuri kwako ni ile unayoweza kuiendesha ukiwa na miguu iliyochoka.

Zilizotumika zinaweza kuwa bei ya maana kwa ubora mzuri, mradi uzikague. Tazama unene wa ukingo wa chuma. Ukiwa umebaki mwembamba kama uzi, zimenolewa mpaka mwisho. Tafuta mikwaruzo mirefu kwenye wayo inayofika hadi kwenye mbao, maana humo maji huingia. Bana ubavu karibu na ncha na mkia uone kama matabaka yameachana. Kutanisha nyayo: kama upinde uliotakiwa kuwepo umekwisha, ski imechoka. Hesabu pia matundu ya vifungio vya zamani. Ski iliyotobolewa mara mbili tatu karibu na sehemu moja, iache.

Hatua ya 11: Vifungio

Kifungio hukushika kwenye ski na kukuachia unapoanguka, na kazi ya pili ndiyo inayolinda mguu usivunjike. Kipimo chake cha kuachia huitwa DIN, na kwa mujibu wa kiwango cha ISO 11088 hupatikana kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya kiatu kwa milimita, na aina ya mtelezaji: wa tahadhari, wa wastani, au wa kasi na nguvu. Kuanzia miaka 50 kipimo hushushwa. Usijitaje kuwa wa kasi na nguvu kwa ajili ya sifa tu. Kifungio kilichokazwa kupita kiasi hakiachii kwenye anguko la polepole, na maanguko ya polepole yenye kujipinda ndiyo yanayochana kano za goti.

Nunua kifungio ambacho namba yako iko katikati ya masafa yake. Mwenye DIN 7 anafaa na cha 4 hadi 12 au kinachokaribiana nacho. Breki ziwe na upana sawa na kiuno cha ski au zizidi kidogo, isivuke kama milimita 15, la sivyo zitanasa kwenye theluji unapolaza ski. Hakikisha soli inakubaliana na kifungio: soli ya kawaida ya alpine ni ISO 5355, GripWalk imepinda ili utembee kwa urahisi, na si kila kifungio cha zamani kinaipokea.

Kufunga na kurekebisha ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kupimia. Mpelekee ski, kifungio na viatu vyote viwili kwa pamoja, umpe uzito wako wa kweli, na mwombe akuandikie namba alizoweka mbele na nyuma. Rudi kupima tena kila mwanzo wa msimu, na kila unapobadilisha viatu, hata kama saizi ni ile ile, kwa sababu urefu wa soli hutofautiana kati ya kampuni.